Mjane, Mbuzi na Ndevu

Mimi ni mhitimu wa shule ya usiku ambayo haikuwahi kuuona usiku. Cheti changu kinasema "masomo ya usiku", kina mhuri mkubwa kama kifuniko cha sufuria, na ninakiheshimu. Lakini tangu vita vianze mpakani ile Oktoba ya mwaka wa tisini, Kigali ilikuwa na amri ya kutotoka nje giza likiingia, na mwalimu wetu hakuwa tayari kupigwa risasi kwa ajili ya hesabu za sehemu. Basi shule ya usiku ikahamia alasiri. Tulikaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la kwanza, magoti yakigusa masikio, watu wazima wenye watoto wanaoota ndevu, jua likitupiga usoni, tukisoma usiku.

Darasa lenyewe lilikuwa Gitega, mtaa wa hapo hapo Kigali, kwenye ule mteremko ambako nyumba zimebanana hata mtu akipiga chafya kwake, jirani wa tatu anamwombea heri. Asubuhi nilishona nguo kwenye baraza la mtu kule Biryogo, mtaa wa Waswahili, nilikozaliwa. Nyumbani tulisema Kiswahili, sokoni Kinyarwanda, na mbele ya mwalimu Kifaransa cha kuazima. Maneno nitakayoyaandika hapa karibu yote yalisemwa kwa Kinyarwanda. Nayaleta kwa Kiswahili changu, na nikitia chumvi ni kiganja tu, si gunia.

Nasimulia mwaka wa tisini na mbili. Yaliyotufika miaka miwili baadaye sina kalamu ya kuyaandika, na sitajaribu. Hapa nina habari moja tu, na ni habari ya kinyaa. Kuna kinyaa kinachoondoka ukilamba limau. Hiki changu nimekilambia malimau ya Rwanda nzima na bado kipo, nikisikia tu mafuta ya mbuzi yakidondokea makaa, kinaamka, kinajinyoosha, kinauliza, "Umeniita?"

Mwalimu wetu alikuwa mzee mwembamba aliyesomeshwa na mapadri, mwenye koti moja la mvua na la jua. Siku hiyo aliingia akaandika ubaoni: Wanawake wa Ajabu. Akatusimulia habari za mama wa mfalme, ambaye katika nchi hii alitawala pamoja na mwanawe, na mfalme asingeweza hata kujikuna bila kumtazama mama kwanza. Akatusimulia mwanamke wa milima ya kaskazini aliyesema na mizimu, akawasumbua wazungu mpaka wakamhamisha nchi. Akatusimulia binti wa Kifaransa aliyevaa chuma akapanda farasi, na malkia wa kule Misri aliyekoga maziwa. Hapo kwenye maziwa darasa zima lilitoa sauti ya mtu aliyekanyaga kitu. Kwetu maziwa ni kitu cha kuheshimiwa. Umwambie Mnyarwanda kwamba fulani ameua, atauliza kwa nini. Umwambie fulani amekoga maziwa, atahama mtaa.

"Kila mmoja achague wake aandike habari zake," akasema Mwalimu. "Kuna swali?"

Mkono ukainuliwa kando yangu. Ulikuwa wa mjane niliyeketi naye dawati moja, mwanamke mrefu, mpole, mwenye alama za kuunguzwa na uji kuanzia vidole mpaka viwiko. Mumewe alikuwa fundi mwashi. Kifua kilimmaliza mwaka uliotangulia. Alimwachia binti wawili na nyumba ya matofali ya udongo aliyoijenga kwa mikono yake, pale kwenye kona ambapo Gitega yote hupita ikienda mjini. Katika chumba cha mbele mjane aliuza uji wa mtama. Aliingia shule kwa sababu binti yake mkubwa alianza kumsomea maandishi kwenye pakiti ya sukari kwa sauti ya kumhurumia.

"Mwalimu," akasema, "hao wanawake walikuwa wanakula nini?"

Darasa likacheka. Mwalimu akawaza kidogo.

"Chakula," akajibu.

"Chakula gani? Mimi naona mtu hawezi kupanda farasi na chuma mwilini kwa maharage peke yake."

Hapa niwaeleze wasiokulia kwetu. Kule Rwanda, kwa wale wa zamani, mwanamke hakula nyama ya mbuzi. Ng'ombe akipatikana, sawa. Mbuzi, hapana. Walisema mwanamke akila mbuzi ataota ndevu, na akiota ndevu atakuwa kichwa ngumu kama mbuzi mwenyewe, hatawaliki. Mwaka wa tisini na mbili mjini wasichana wengi walikuwa wamekwisha kuonja kwa siri, lakini mke wa watu, mbele ya watu, hathubutu. Wanaume ndio walioketi kwenye kabare, vilabu vyetu vya pombe, kila jioni na mishikaki, burusheti kama tulivyoiita, mafuta yakiwatiririka mpaka viwiko, wakijadili jinsi mbuzi alivyo mbaya kwa wanawake. Sisi wanawake wa Biryogo tulikula. Mimi mbuzi nimemla tangu nina meno mawili, na kidevu changu mpaka leo ni laini kama yai. Lakini wenzangu darasani walinijibu, "Aa, ninyi ni Waswahili," kana kwamba Mswahili ana kidevu cha kiwanda kingine.

Mjane hakungoja kujibiwa. Alisimama akasema yeye hamchagui malkia wa Misri, anachagua wa bibi yake. Akatusimulia kisa alichosimuliwa akiwa mtoto kilimani kwao.

Alikuwapo, akasema, mjane wa mtwale, mkubwa wa kilima, zamani sana. Mumewe alipokufa, wazee walikaa kugawana ng'ombe wake, na yule mjane akaenda kuketi nao. Wakamwambia hapa haketi asiye na ndevu. Akarudi nyumbani, akaagiza beberu, akamla mwenyewe kuanzia pembe hadi kwato, akajifungia. Alipotoka alikuwa na ndevu mpaka kitovuni. Wazee wakasogea wakampisha kiti. Alihukumu kesi za kilima kile mpaka akazeeka, na hakuna aliyepoteza ng'ombe wake kwa uonevu. Siku alipokufa, wanawake waliokuja kumwosha wakashika zile ndevu, zikabaki mikononi. Zilikuwa za yule beberu. Alizibandika kwa utomvu wa mti. Wanawake wakatazamana, wakazibandika tena, wakamzika nazo.

Mwalimu aliweka chaki mezani. Halafu akasema, "Hii tutaigiza siku ya kufunga muhula."

Na tuliigiza. Mimi nikawa fundi wa mavazi na vifaa. Ndevu nilizitengeneza kwa katani, ndefu hata mjane alizikanyaga mara kadhaa. Nyama ilikuwa tatizo, kwa sababu mjane alikuwa hajawahi kumtia mbuzi mdomoni, na hakutaka. Basi nikachukua ndizi za kupika, nikazikata vipande, nikazipaka mawese na unga wa makaa, nikazichoma kwenye njiti za baiskeli kama zile za kabare. Ukikaa mstari wa pili ungeapa ni mbuzi. Mjane alizila jukwaani kwa hasira na madaha, akazing'oa kwa meno, akatupa njiti nyuma ya bega. Wanawake waliokuja kutazama walipiga vigelegele mpaka bati la shule likalegea misumari. Mwanamke mmoja aliyenyonyesha alisimama akapiga makofi, akamsahau mtoto, na mtoto akabaki ananing'inia kwenye ziwa kama kitasa.

Mstari wa mwisho alikaa shemeji yake.

Sina budi kumweleza shemeji, na naomba kama mnakula mwahirishe. Alikuwa mdogo wa marehemu. Tumbo lake lilifika mahali kabla yake, likapokewa, likapewa kiti. Kucha ya kidole kidogo aliifuga ndefu ya kuchokolea meno, na alichokitoa menoni alikitazama kwanza, kisha akakirudisha. Kila asubuhi alikuja kwenye uji wa mjane, akanywa vikombe viwili bila kulipa, akapangusa vidole kwenye pazia la mlango. Pazia lile nililishona mimi. Lilikuwa la maua. Upande wa shemeji maua yalikwisha kufa.

Alimwita mjane "mke wetu".

"Mke wetu, uji wa leo mwepesi."

"Shemeji, mimi nilikuwa mke wa mtu mmoja."

"Mtu mmoja ni wa ukoo. Alichokiacha ni cha ukoo." Halafu anatazama kona ya nyumba, anatazama barabara, unaona kabisa meza za kabare zikipangwa ndani ya macho yake. "Umezaa wasichana tu. Wasichana ni wapita njia. Chagua: uolewe hapa hapa, au urudi kwenu."

Kuolewa hapa hapa maana yake ni kuolewa naye, awe mke wa pili. Na siku zile sheria haikumpa mjane kitu cha kushika. Kama ukoo wa mume umekaa ukasema hafai, anafunga mkeka wake anarudi kwa baba yake. Kilichomzuia shemeji ni kukosa sababu, kwa kuwa mjane hakulewa, hakutukana, hakupokea wageni. Tulipoigiza, tukampa sababu kwenye sahani.

Kabla wiki haijaisha Gitega yote ilijua kwamba mke wa marehemu mwashi amekula mbuzi hadharani, shuleni, mbele ya mwalimu, huku amevaa ndevu. Wengine walisema ndevu zile hazikuvuliwa, zimekataa kutoka. Mwanamke mmoja alikuja kunywa uji akamtazama kidevu mpaka uji ukamwagika. Na shemeji akaongeza la kwake, kwa sauti ya chini, ile inayofika mbali: kwamba mwanamke anayethubutu hivyo anathubutu na mengine, na kwamba kaka yake alikufa upesi mno kwa mtu wa kifua. Hakutaja sumu. Kwetu mtu hahitaji kuitaja.

Baraza la ukoo likaitwa Jumapili, baada ya misa, nyumbani kwa mjane.

Mimi nilicheka. Nilimwambia hiyo si kesi, ni vichekesho. "Unawaambia ilikuwa ndizi. Mimi shahidi. Mwalimu shahidi. Naleta na njiti, naleta mawese, nazichoma upya mbele yao. Wanarudi kwao na aibu."

Mjane alikuwa anachekecha unga. Hakuinua macho.

"Sitasema ndizi," akasema.

"Kwa nini, dada? Si ndiyo ukweli?"

"Nikisema 'sikula mbuzi, ilikuwa ndizi', nimekubali kwamba ningekula, wangekuwa na haki ya kunitoa. Leo nimeponea ndizi. Kesho nitaponea nini?"

"Na wakikutoa?"

Akaacha kuchekecha. Ndani tulisikia binti yake mdogo akimwimbia mwanasesere. "Hapo," akasema, "nitakuwa nimetoka na mdomo wangu."

Nilimwona mjinga, na nikamwambia. Alicheka kidogo, akaniomba nimsaidie jambo moja. Kwa desturi ya kwao, aliyeitwa barazani ndiye anayewalisha wanaomhukumu. Pombe anatoa yeye, nyama anatoa yeye. Na wazee walikwisha kutuma salamu kwamba wangependa mbuzi.

Naomba msome tena. Wanakuja kumhukumu mwanamke kwa kula mbuzi, na wanamwagiza awachomee mbuzi. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona kitu. Hata Mwalimu nilipomweleza alitikisa kichwa tu, akasema, "Ndivyo ilivyo, nyama ya baraza ni mbuzi." Mimi ndiye niliyebaki barabarani nikicheka peke yangu, halafu kicheko kikanigeukia mdomoni, kikawa kichungu.

Mbuzi alichinjwa kwetu Biryogo, na mchomaji nilikuwa mimi, maana mjane hakujua kuichoma nyama hiyo, na hakuna mwanamume wa mtaa aliyetaka kuonekana upande wake. Jumapili nikaweka jiko langu nyuma ya nyumba, penye mwanya wa kuonea uani.

Wazee walikuwa watatu, wametoka kilimani kwa basi na viatu vya kanisani. Mkubwa wao, baba mdogo wa marehemu, alikuwa na fimbo, na meno machache yaliyokaa mbalimbali kama majirani waliogombana. Shemeji alikaa kando yao, tumbo mbele. Chungu cha urwagwa, ile pombe ya ndizi, kikawekwa katikati, na mrija mmoja. Mjane akapiga magoti akanyonya kwanza, kwa kuwa kwetu anayetoa kinywaji huonja mbele ya wageni ili wajue hakina kitu. Kisha mrija ukaanza kuzunguka. Ulitoka kwa mzee mwenye fimbo ukiwa na povu, ukaingia kwa wa pili aliyekuwa na kidonda kwenye kona ya mdomo, akaunyonya kwa macho yaliyofumbwa, akaupangusa kwa kidole kile kile alichokuwa akijikunia sikio, akampa wa tatu. Wa tatu akakohoa ndani yake. Pombe ikarudi chunguni ikilia, blup. Shemeji akaupokea akaunyonya kwa shukrani. Mimi nyuma ya ukuta nilimeza mate ya uchungu, na nilikuwa sijanywa kitu.

Kesi ikasomwa. Shemeji alisimama akasema kwa Kifaransa neno moja ambalo sidhani lipo, kisha akaendelea kwa Kinyarwanda. Mke wetu amekula mbuzi hadharani. Ameweka ndevu. Ametutia aibu. Ana kichwa ngumu. Nyumba ya marehemu haiwezi kukaliwa na mwanamke wa namna hiyo.

"Ulikula?" akauliza mzee mwenye fimbo.

Nikabandika jicho kwenye mwanya. Sema ndizi, dada. Sema ndizi.

"Walioona wameona," akasema mjane.

Wazee wakanung'unika. Yule wa kidonda akasema huyo basi hana la kujitetea, na kwamba wanaweza kumaliza mapema. Lakini harufu ya jiko langu ilikwisha kuvuka ukuta. Niliona pua zao zikigeuka, moja baada ya nyingine. Mzee mwenye fimbo akameza mate, koo likapanda likashuka kama ndoo kisimani.

"Tutaamua tukila," akasema. "Lete nyama."

Nilijaza sinia. Kwa kujisifu kidogo, ile ilikuwa nyama ambayo malaika wangegombania. Mjane akaipokea akaiingiza uani, akaiweka mbele yao, mafuta yakichuruzika. Mikono ikaenda.

"Ngojeni!" akasema shemeji.

Mikono ikasimama hewani.

"Aonje kwanza. Mimi si mjinga kama marehemu. Pombe ameonja, na nyama aonje."

"Kweli," akasema wa kidonda, akairudisha mikono mapajani. "Aonje."

"Onja, mama," akasema mzee mwenye fimbo, kwa upole, macho yakiwa kwenye sinia.

Mjane alichukua mshikaki mmoja. Aliuinua, akautazama. Hakuutia mdomoni.

"Wazee wangu," akasema, "nimeitwa hapa kwa kosa gani?"

"Umekwisha kuambiwa. Mbuzi."

"Na sasa mnaniambia nile nini?"

Wapumbavu wale! Niliona ikiwaingia polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Wa kidonda alimtazama wa tatu. Wa tatu alitazama mawingu. Shemeji alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakikutoka kitu wala hakikuingia.

"Nisipoonja, hamli," akasema mjane. "Nikionja, nimekosa, na mmenikosesha ninyi. Niambieni basi. Mwanamke kula mbuzi ni kosa, au si kosa? Mkisema kosa, ninaibeba hii sinia kwa majirani, nafunga mkeka wangu, naondoka."

"Hii ni kuonja tu," akasema shemeji. "Kuonja si kula."

"Kinachopita kooni hakijui tofauti, shemeji."

"Mwanamke huyu anawafanyia hila! Mnaona ndevu hizo?"

"Kaa chini," akasema mzee mwenye fimbo. Hakumtazama. Alikuwa anatazama sinia.

Na sinia ilikuwa inapoa. Mnaojua mafuta ya mbuzi mnajua. Hayana subira. Kwanza yaling'aa. Halafu yakaanza kufanya ukungu kwenye kingo. Halafu kipande kimoja cha pembeni kikavaa weupe, kama jicho la kipofu, na kingine, na kingine. Wazee wale watatu, walioaminiwa na ukoo mzima, waliokuja kupima kama mwanamke na watoto wawili wana mahali pa kulala, walikuwa wanafuata weupe ule kipande kwa kipande. Hakuna aliyemtazama mjane. Hakuna aliyemtazama yule mtoto aliyechungulia kwenye pazia la maua akiwa amemshika mwanasesere kichwani. Mate yalikuwa yanamtoka mzee wa kidonda. Alikuwa anayalamba.

"Nyama inaganda," akasema wa tatu, kwa sauti ya msiba.

Mzee mwenye fimbo akagonga fimbo chini.

"Kula mbuzi si kosa la kumtoa mtu nyumbani."

"Ni kosa au si kosa?" akauliza mjane.

"Si kosa! Onja!"

"Na shemeji aseme."

Wote wakamgeukia shemeji, na hawakumgeukia kwa upendo. Alikuwa amesimama kati yao na chakula chao.

"Sema, wewe!" akafoka wa kidonda.

"Si kosa," akasema shemeji, akiitazama kucha yake.

"Basi nimeitwa kwa mbuzi, na mbuzi si kosa," akasema mjane. "Nyumba?"

"Kaa kwenye nyumba yako, mama," akasema mzee mwenye fimbo, karibu analia. "Nani anakutoa? Lea watoto. Onja, Mungu wangu, onja."

Akaonja. Alikiuma kipande, akakitafuna taratibu, akakimeza, na wote wakatazama koo lake mpaka kikashuka. Kisha mikono ikaanguka kwenye sinia kama mvua ya mawe.

Nimeona fisi kwenye picha za kalenda. Fisi wana adabu. Wale walikula kwa mikono yote miwili, walinyonya njiti za baiskeli kwa ule ule mlio walionyonyea mrija, walitoa mishipa mdomoni wakaibandika kwenye ukingo wa chungu. Shemeji ndiye aliyekula kuliko wote, akilia kwa hasira na kutafuna machozi. Walipokwisha walijipangusa mikono kwenye suruali za kanisani, wakambariki mjane kwa midomo inayong'aa, wakasema ukoo umepata heshima.

Mimi nilikuwa nimetaka kupiga vigelegele. Sikupiga. Haki yake ilikuwa yake tangu asubuhi, na tangu mumewe alipoweka tofali la kwanza. Wao walimpa kwa sababu mafuta yalikuwa yanaganda. Ningechelewa kugeuza nyama, ningeichoma kavu kidogo, isiyonukia, mwanamke yule angelala barabarani na binti zake. Nyumba nzima ilining'inia kwenye mate ya mzee mwenye kidonda. Hilo ndilo ninalolambia limau.

Nilimkuta mjane nyuma, kwenye mtaro, anasukutua. Alisukutua kwa maji, akasukutua kwa majivu, akasukutua tena.

"Dada, umeshinda!"

Akatema. Akanigeukia na uso uliokunjamana kama mtu niliyemlisha sabuni.

"Hii ndiyo walikuwa wanatuficha?"

"Ndiyo hii."

"Tangu bibi zetu?"

"Tangu hao."

"Inanuka beberu," akasema, akarudi kusukutua.

Nikaudhika kidogo, maana nilikuwa nimeitia limau na vitunguu vya kutosha kijiji.

Jioni ile, kabla ya amri, aliuchoma mrija, akamwaga kilichobaki chunguni, na chungu chenyewe akakipasua kwenye jiwe. Pazia la maua akalivua akanipa, nikaahidi kumshonea jingine.

Kesho yake asubuhi nilipita kwake kunywa uji, na nusu ya Gitega ilikuwapo, wengine wamekuja kutazama kidevu. Shemeji akaja. Sijui ni sura gani mtu huivaa asubuhi kama ile. Yeye alivaa ile ile ya siku zote. Akanyoosha mkono akaomba kikombe. Mjane akamjazia, moto, akamwekea mezani.

Shemeji akakitazama. Akamtazama mjane.

"Hujaonja," akasema.

"Sionji tena, shemeji."

Watu wakabaki na vikombe midomoni. Alikuwa ameunywa uji ule mwaka mzima bila kuonjewa na mtu. Sasa alisimama pale, tumbo limeegemea meza, akikitazama kikombe kama kilichomtukana. Mvuke ukapungua. Uji ukaota utando juu, ukakunjamana kama ngozi ya kizee. Hakukigusa. Mwishowe akapangusa vidole hewani, mahali pazia lilipokuwa zamani, akatoka.

Mjane akachukua kikombe, akakimwaga mtaroni pamoja na utando wake, akakiosha kwa maji ya moto, akakijaza akampa mtu aliyefuata.